Duara la Bahari ya Hindi: Mwongozo wa Safari Ndefu ya Gharama Nafuu kwa Watu wa Makamo wa Kitui na Makueni

Safari ndefu ya gharama nafuu, kwa maana inayotumika katika mwongozo huu, ni safari ya miezi mitatu au zaidi inayopita katika nchi kadhaa, ambamo msafiri hulala katika nyumba za wageni za bei ya chini, hupanda mabasi na treni kila inapowezekana, na hujilipia kwa akiba yake bila kutegemea mwajiri wala mfadhili. Kijana wa miaka 22 akifanya safari ya namna hiyo huwaacha nyumbani wazazi wenye nguvu. Mtu wa makamo, yaani aliye kati ya miaka 40 na 60, huacha shamba, karo, mkopo wa Sacco, wazazi waliozeeka na nafasi yake katika vikundi vya kijiji. Ndiyo maana vitabu vya safari vilivyoandikwa Ulaya na Marekani, ambavyo hushughulika zaidi na bei ya ndege na uzito wa mkoba, humfaa kidogo mkazi wa Mwingi, Mutomo, Wote au Kibwezi. Kwake yeye mambo mawili huamua njia na gharama kuliko mengine yote, nayo ni pasipoti anayobeba na kalenda ya mvua.

Kusafiri mbali si jambo geni Ukambani. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 misafara ya Wakamba wa Kitui ilibeba pembe za ndovu hadi Mombasa, na mfanyabiashara maarufu Kivui wa Mwendwa ndiye aliyempokea mmisionari Johann Ludwig Krapf mwaka 1849, katika safari ambamo Krapf aliuona Mlima Kenya tarehe 3 Desemba. Baadaye, katika Vita vya Pili vya Dunia, vijana wengi wa Kikamba walifika Burma wakiwa askari wa King's African Rifles, na leo wengine huenda nchi za Ghuba kwa mikataba ya kazi. Wa kwanza walitafuta biashara, wa pili walitumwa, wa tatu wanafuata mshahara. Kinachoweza kuitwa kipya ni mtu kuondoka kwa hiari, kwa fedha zake, ili aone tu, na jambo hilo huhitaji kuelezwa kwa jamaa mapema, kwa sababu majirani wasioelewa lengo la safari hudhani kwamba msafiri amekimbia madeni au amepata kazi ya siri.

Wakati wa kuondoka

Katika sehemu kubwa ya Kitui na Makueni mvua za vuli, zinazoanza mwishoni mwa Oktoba au mapema Novemba, ndizo zinazotegemewa zaidi, ilhali zile za masika, kati ya Machi na Mei, mara nyingi huwa haba. Mazao ya masika, kama yapo, huwa yamevunwa ifikapo Juni au Julai, na kuanzia hapo ardhi hubaki kavu hadi mwishoni mwa Septemba, ambapo kazi ya kutayarisha shamba huanza tena. Kwa hiyo dirisha la asili la safari ni kati ya tarehe 20 Juni na mwisho wa Septemba, takriban siku 100. Anayetaka kusafiri mwaka mzima atafanya vizuri zaidi kuigawa safari yake katika misimu miwili ya ukavu, katika miaka miwili inayofuatana, kuliko kukosa msimu wa vuli na kurudi akiwa na picha nyingi na ghala tupu.

Dirisha hilo lina kasoro mbili. Ya kwanza inamhusu mwenye maembe: miti mingi ya Makueni hutoa maua katika miezi hiyo hiyo ya baridi na ukavu, na maua yasiponyunyiziwa dawa kwa wakati, mavuno ya Desemba hadi Machi hupungua sana, hivyo ni lazima awepo mtu anayelipwa kwa kazi hiyo, aliyeachiwa dawa tayari imenunuliwa, si ahadi ya kutumiwa pesa. Ya pili ni karo. Muhula wa pili huisha mapema Agosti na wa tatu huanza mwishoni mwa mwezi huo, na kwa kuwa mzazi atakuwa mbali, karo ya mihula yote miwili ilipwe kabla hajaondoka. Vilevile ripoti ya kodi ya kila mwaka kwa Mamlaka ya Mapato ya Kenya hutakiwa kuwasilishwa kwenye mfumo wa iTax kabla ya tarehe 30 Juni kupita. Anayeondoka mwezi huo aimalize kwanza, kwani faini hutozwa hata kwa aliyekuwa nje ya nchi.

Kuhusu kazi, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humpa mwajiriwa likizo ya mwaka yenye malipo isiyopungua siku 21 za kazi, muda ambao hautoshi. Siku zilizobaki hupatikana kwa likizo isiyo na malipo, ambayo mwajiri ana hiari ya kuikubali au kuikataa, na ambayo ni lazima iandikwe na kutiwa sahihi. Jambo linalosahaulika mara nyingi ni kwamba mshahara ukisimama, makato yanayopita humo husimama pia: marejesho ya mkopo, michango ya Sacco na mchango wa bima ya afya ya jamii. Mwanachama aliyenyamaza kwa miezi mitatu huonekana mdaiwa sugu, na wanaoandikiwa barua ni wadhamini wake, yaani wanachama wenzake waliokubali akiba zao zishikwe kama dhamana. Mtumishi wa umma mwenye pensheni anaweza kuomba kustaafu mapema akifika miaka 50, lakini kustaafu kwa ajili ya safari ya siku 100 ni uamuzi mbaya.

Pasipoti na njia

Mashirika makubwa ya ndege huuza kwa pamoja kinachoitwa tiketi ya kuzunguka dunia, ambayo ni tiketi moja yenye vituo vingi, inayotumika hadi mwaka mmoja, kwa sharti kwamba msafiri aelekee upande mmoja tu, mashariki au magharibi, na avuke Bahari ya Atlantiki na ya Pasifiki mara moja moja. Tiketi hiyo hupendeza machoni, lakini kwa mwenye pasipoti ya Kenya ina mtego: ndege nyingi za kuvuka Pasifiki hupitia Marekani, na Marekani humtaka hata abiria anayebadilisha ndege tu awe na viza. Ulaya nayo, katika eneo la Schengen, yaani kundi la nchi zinazotumia viza moja ya pamoja, hutoza ada ya yuro 90 tangu Juni 2024, hutaka bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000 na taarifa za benki, na hairejeshi ada kwa anayekataliwa. Mtu wa Kitui anayeanza na nchi hizo anaweza kumaliza sehemu nzuri ya akiba yake kabla hajavuka mpaka wowote.

Ni heri basi kuchagua duara jingine, linalofuata nchi ambazo Mkenya huingia bila viza au kwa viza rahisi ya mtandaoni. Mwongozo huu unapendekeza duara la Bahari ya Hindi: kushuka kusini kwa nchi kavu hadi Johannesburg, kuruka hadi Singapore, kupanda Malesia kwa basi na treni, kuruka hadi India, na kurudi Nairobi kutoka Mumbai. Halizungushi dunia yote kwa maana kali ya neno, lakini humpitisha msafiri katika hali za hewa, dini, vyakula na miji tofauti kuliko ziara nyingi za Ulaya, na humhitaji kununua tiketi tatu au nne tu za ndege.

Sehemu ya kwanza huanza karibu na nyumbani. Mkazi wa Makueni anaweza kutoka Emali kwa barabara ya Kimana na Loitokitok hadi mpaka wa Tarakea, akateremkia Moshi. Anayetoka Kitui hushuka kwa barabara ya lami ya Mutomo hadi Kibwezi, na hapo anaweza kupanda treni ya SGR inayosimama vituo vya kati, akashuka Voi na kushika gari la Taveta na mpaka wa Holili. Uganda na Rwanda Mkenya huingia kwa kitambulisho cha taifa, utaratibu ulioanza mwaka 2014. Lakini katika mpaka wa Tanzania awe na pasipoti mkononi. Kutoka Dar es Salaam kuna reli ya TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China kati ya 1970 na 1975, yenye urefu wa kilomita 1,860 hadi New Kapiri Mposhi nchini Zambia. Treni zake za abiria zina sifa ya kuchelewa, pengine kwa siku nzima, na zimewahi kusimamishwa kwa vipindi, kwa hiyo msafiri aulize stesheni ya Dar kabla ya kupanga lolote linalofuata, na asipoipata achukue basi la Tunduma. Anayeipata apande daraja lenye vitanda: ni usiku wa malazi na nauli kwa pamoja.

Zambia, Zimbabwe na Botswana humpokea Mkenya bila viza, na daraja la Kazungula juu ya mto Zambezi, lililofunguliwa Mei 2021, limeondoa foleni za kivuko kati ya Zambia na Botswana. Maporomoko ya Victoria, yaliyo kilomita chache kutoka mji wa Livingstone, bado huwa na maji mengi mwezi Julai. Afrika Kusini iliondoa viza kwa Wakenya kuanzia tarehe 1 Januari 2023, kwa ukaaji usiozidi siku 90 katika mwaka mmoja wa kalenda. Julai ni majira ya baridi huko, na usiku wa Johannesburg ni mkali kwa mtu aliyezoea joto la Kibwezi. Sweta nzito na soksi si anasa.

Singapore na Malesia huruhusu Mkenya kukaa hadi siku 30 bila viza. Nchi zote mbili hutaka kadi ya kuwasili ijazwe mtandaoni ndani ya siku tatu kabla ya kufika, nayo ni ya bure. Tovuti inayodai ada kwa kadi hiyo ni ya walaghai. Maofisa, na hata wahudumu wa ndege pale Johannesburg, huweza kutaka kuona tiketi ya kutoka nchini, fedha za kutosha na anwani ya malazi. Singapore ni mojawapo ya miji ghali zaidi duniani, kwa hiyo siku mbili zinatosha, kisha msafiri avuke kwa basi hadi Johor Bahru upande wa Malesia, ambako chumba na chakula hushuka bei mara moja. Kutoka hapo reli na mabasi mazuri huelekea Kuala Lumpur na Penang, na miezi ya Julai na Agosti hufaa zaidi pwani ya mashariki ya nchi hiyo. Ufilipino nayo humkubali Mkenya bila viza kwa siku 30, ila miezi hiyo ni ya vimbunga na haistahili kupewa kipaumbele.

India hutaka viza, lakini huitoa kwa maombi ya mtandaoni kwenye tovuti ya serikali yake. Kati ya Juni na Septemba ni msimu wa mvua za pepo za kusi, ambazo mjini Mumbai hunyesha kwa kiasi ambacho mtu wa nchi kavu hakidhanii, hadi treni husimama. Bei za malazi, kwa upande mwingine, hushuka. Katika reli za India mtu wa makamo asikubali daraja la vitanda lisilo na kiyoyozi kwa safari ya usiku mzima, hata kama bei yake inavutia, kwa sababu tofauti ya nauli ni ndogo na tofauti ya usingizi ni kubwa. Mkulima wa ndengu kutoka Kitui atakuta zao lake katika karibu kila jiko, likipikwa kwa namna nyingi kuliko zile za nyumbani, na ziara ya asubuhi moja katika soko la jumla la nafaka inaweza kumfundisha kuhusu bei na ubora kuliko semina nyingi.

Onyo moja halina budi kutolewa hapa. Tangu mwaka 2022 Wakenya kadhaa wameokolewa kutoka katika kambi za utapeli wa mtandaoni nchini Myanmar, walikofikishwa kwa ahadi za kazi nzuri nchini Thailand. Msafiri anayeahidiwa kazi akiwa njiani, hata na Mkenya mwenzake, aikatae. Hata kufanya kazi ya hoteli ili kulipia malazi huhesabiwa katika nchi nyingi kuwa kazi, na huvunja masharti ya mgeni aliyeingia kwa matembezi.

Fedha

Bajeti ya safari hii ina hesabu mbili, ya njiani na ya nyumbani, na kosa la kawaida ni kuandika ya kwanza peke yake. Ichukuliwe, kwa mfano tu, kwamba msafiri amejiwekea Sh3,000 kwa siku kwa malazi, chakula na nauli za nchi kavu: kwa siku 100 hizo ni Sh300,000. Juu yake zije tiketi za ndege kwa bei ya siku hiyo, viza ya India na bima. Kisha ifunguliwe safu ya pili: karo ya mihula miwili, mshahara wa mfanyakazi wa shamba, maji ya mifugo katika kilele cha ukavu, dawa za wazazi, marejesho ya Sacco na michango ya chama. Kwa watu wengi safu hii ya pili hukaribia ya kwanza na pengine huizidi. Mwisho kiwekwe kando kiasi kisichoguswa, kinachotosha tiketi ya kurudi Nairobi kutoka kituo cha mbali zaidi pamoja na wiki mbili za kuishi, kwa sababu mtu wa makamo huitwa nyumbani ghafla mara nyingi zaidi kuliko kijana, na mara nyingi ni kwa ajili ya mazishi.

Fedha hizo zisitokane na mkopo. Akiba ya Sacco iliyoshikwa kama dhamana haitoki kwa urahisi, kwa hiyo mfuko wa safari uwekwe mahali pengine, kwa miaka miwili au mitatu, na sehemu yake ibadilishwe kuwa dola kidogo kidogo. Sababu ni kuyumba kwa shilingi: mwanzoni mwa 2024 dola moja ilifika karibu Sh160, na kabla ya katikati ya mwaka huo ilikuwa imerudi karibu Sh130. Aliyenunua dola zote siku moja katika kipindi hicho alicheza kamari bila kujua.

Njiani msafiri awe na njia tatu za kulipa: fedha taslimu za dola katika noti safi, kadi ya benki, na kadi ya pili ya benki nyingine iliyofichwa mbali na ya kwanza. M-Pesa hubaki na kazi kubwa ya kuendesha nyumba kutoka mbali, lakini kwa sharti kwamba laini ya simu iwe hai na iweze kupokea ujumbe nje ya nchi, kwa kuwa benki hutuma namba za uthibitisho kwa laini hiyo. Ajaribu huduma hiyo akiwa Tanzania, ambako akikwama bado yuko karibu na nyumbani.

Nyumbani na mwilini

Anayebaki na mamlaka ya kuuza, kulipa au kutia sahihi apewe hati ya uwakilishi, yaani waraka wa kisheria unaomruhusu mtu kutenda mambo yaliyotajwa kwa niaba ya mwingine. Ikiwa inagusa ardhi, ni lazima isajiliwe. Ni hatari kuacha fomu zilizotiwa sahihi bila kujazwa, hata kwa ndugu wa tumbo moja. Hati za shamba zisibaki chini ya godoro. Katika mwethya, yaani kikundi cha kijiji cha kusaidiana kazi, asiyekuwepo hutuma mtu au hulipa. Msafiri apange hilo hadharani katika kikao, mbele ya wazee, kwani jina la mtu kijijini huishi miaka mingi baada ya safari kuisha. Wazazi waelezwe ana kwa ana na apangwe mtu mmoja, si watatu, wa kuwapeleka hospitali.

Kuhusu afya, cheti cha chanjo ya homa ya manjano ni cha lazima katika duara hili. Kenya imo katika orodha ya nchi zenye hatari ya ugonjwa huo, na India humtenga kwa siku kadhaa abiria anayetoka huko bila cheti. Chanjo huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kudungwa, na tangu Julai 2016 cheti chake hudumu maisha yote. Mwenye shinikizo la damu au kisukari abebe dawa za siku zote za safari, na akiba kidogo, katika mkoba wa mkononi, zikiwa katika pakiti zake na pamoja na barua ya daktari inayotaja majina halisi ya dawa badala ya majina ya kibiashara. Dawa za maumivu zenye kodeini na baadhi ya dawa za usingizi huhitaji kibali Singapore, nchi isiyo na mzaha katika mambo hayo. Muguka na miraa, vinavyouzwa wazi katika kila kituo cha matatu cha Kitui, ni haramu Tanzania na katika nchi nyingine nyingi. Hata jani moja lililosahaulika mfukoni linaweza kumaliza safari katika mpaka wa kwanza.

Meno yatibiwe kabla, na miwani ya pili ibebwe. Bima ya safari inunuliwe kwa siku zote, ikitaja wazi magonjwa ambayo msafiri tayari anayo, kwa kuwa mchango anaolipa nyumbani kwa Mamlaka ya Afya ya Jamii haumlipii kitanda cha hospitali ya Penang. Na baada ya kila siku nne au tano za kulala vyumba vya pamoja, mtu wa miaka 50 alipie chumba chake peke yake: unafuu unaomnyima usingizi humrudia kwa bili ya daktari.

Pasipoti ya Kenya huombwa kupitia eCitizen, hutolewa ikiwa na kurasa 34, 50 au 66, na hudumu miaka 10. Kwa duara hili ya kurasa 34 inatosha, mradi ibaki na uhai wa zaidi ya miezi sita siku ya kurudi. Masharti ya viza hubadilika kwa tangazo moja tu la serikali, kwa hiyo msomaji athibitishe kila nchi kwa ubalozi wake katika wiki ile ile anayotaka kulipa. Tiketi ya Singapore inunuliwe baada ya cheti cha chanjo, barua ya likizo, risiti za karo na hati ya uwakilishi kuwa mezani. Kabla ya hapo ofa yoyote ya ndege, hata iwe ya bei gani, iachwe ipite.